Mzee Bakili Aliyegoma Kustaafu Kabla ya Mvua

Mzee Haruna Bakili, Msimamizi wa Gereji na Matairi wa kampuni yetu ya Mikate ya Tanuri Jema, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 9 Mei, baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na mmoja. Hilo neno "leo" nimeliandika kwa woga. Wasifu huu ulishachapwa mwishoni mwa Januari ukasema "leo", ukachapwa tena mwishoni mwa Machi ukasema "leo", na mara zote mbili mstaafu mwenyewe alikuwa gereji, amelala chini ya gari, hana habari na leo wala kesho. Wasomaji wa jarida letu mtuvumilie. Safari hii watu wa keki wameandika jina tu, tarehe hawakuthubutu kuiweka.

Mimi ni Ofisa Usambazaji. Kazi yangu ni kuhakikisha mikate inatoka alfajiri na kufika Kariakoo, Ilala, Mchikichini na ng'ambo ya Kigamboni kabla watu hawajateleka chai. Kazi ya Mzee Bakili, kwa jinsi nilivyoiona mimi miaka yote hii, ni kuhakikisha mikate hiyo haitoki. Mkurugenzi wetu, Ndugu Abdulhamid, aliponiambia niandike wasifu huu, nilimwuliza kama kampuni nzima amekosa mtu mwingine. Alicheka tu, akafunga mlango.

Haya, tuanze mwanzo. Mzee Bakili alitoka kwao Masasi akiwa kijana, akafikia kwa mjomba wake Ilala, na kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kuziba pancha pembeni ya soko la Mchikichini. Siku moja gari letu la mikate likapata pancha mbele ya kijiwe chake. Dereva alitaka azibiwe haraka aondoke. Bakili akaziba, kisha akakataa kulishusha gari kwenye jeki mpaka ayaangalie na matairi mengine matatu, ambayo hakuna aliyemwomba ayaangalie. Dereva akarudi kazini amechelewa, akamlalamikia bosi wa wakati ule, na bosi badala ya kukasirika akatuma mtu akamlete huyo mziba pancha. Aliajiriwa kwa tabia hiyohiyo ambayo imetutesa sisi wengine mpaka leo.

Alipanda kutoka fundi tairi mpaka fundi mkuu, kisha msimamizi. Amefundisha mafundi wengi, akiwemo Hafidhi, anayeichukua nafasi yake. Lakini muulize mtu yeyote hapa Mzee Bakili ni nani, hatakutajia cheo. Atakutajia geti. Kila alfajiri magari yakiwa yamepakiwa, mikate ya moto, madereva wamekaa kwenye usukani, mzee anasimama katikati ya geti na kikombe chake cha tangawizi. Gari halipiti mpaka alizunguke. Anapapasa matairi kwa kiganja, tairi baada ya tairi, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha anabonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira. Ukucha ukiingia, mpira ni laini, gari linapita. Ukucha ukigoma, gari linarudi ndani, na mimi simu yangu inaanza kulia: wenye maduka wa Kariakoo, wauza chai wa Ilala, wote wananiuliza mimi mikate iko wapi, kana kwamba mimi ndiye nimeikalia. Nimetukanwa kwa heshima na nimetukanwa bila heshima, yote kwa sababu ya ukucha wa Mzee Bakili.

Nikimlalamikia, alikuwa ananijibu kwa upole kwamba mkate ukichelewa unaliwa, ila dereva akichelewa kusimama haliwi. Utabishana naye vipi mtu wa namna hiyo? Unabaki umeshika kiuno.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufikisha Mei. Kwa miaka mingi kampuni imekuwa ikinunua matairi ya mtumba kutoka Japani, na mchaguzi alikuwa yeye. Alikuwa anakwenda mwenyewe mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya matairi, anapanga na kupangua marundo mpaka wauzaji wanachoka. Tairi alilolipenda kuliko yote ni lile lenye alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na katikati yake kitu kama nyota. Mpira wake laini, ukucha unaingia bila shida, na meno yake marefu, yamechanjwachanjwa vizuri. Pale Gerezani waliliita Mlima Nyota. Kila mtu alijua maana yake: mlima ni nguvu, nyota ni daraja la juu. Lilikuwa linauzwa ghali kuliko mitumba mingine, na muuzaji akitaka kumaliza ubishi wa bei alikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba Mzee Bakili wa Tanuri Jema hafungi jingine. Teksi zikafunga Mlima Nyota. Magari ya shule yakafunga. Hata mimi mwenyewe nilimfungia kaka yangu.

Oktoba mwaka jana Mkurugenzi akamwita. Madukani siku hizi kumejaa matairi mapya ya kila aina, na idara ya fedha ilikuwa inalalamika kwamba matairi yetu yanaisha upesi mno. Akamwomba Mzee Bakili, kabla hajastaafu Januari, aiachie kampuni jibu moja: katika matairi haya yote, lipi linafaa kwa gari la mikate la Dar es Salaam, kwa bei yake na kwa kazi yake? Sisi wote jibu tulilijua. Mimi nililijua kiasi kwamba niliandika wasifu wa kwanza nikaliweka kabisa, aya nzima, ya kusifia Mlima Nyota. Kazi ya mzee ilikuwa kuandika maneno mawili, kusaini, na kwenda kula pilau.

Hakuandika. Alisema hawezi kutoa jibu ambalo hajalipima, na kwamba kupendelea kitu kwa mazoea si kukijua. Maneno mazuri, nikayapigia makofi. Laiti ningejua.

Kwanza akaleta matairi ya aina nne: moja jipya la Kichina la bei ya chini kabisa, moja jipya la Kiindonesia la bei ya kati, moja la Ulaya la bei ya kukimbiza wateja, na Mlima Nyota wake. Kisha akayafunga yote kwenye gari moja. Ndiyo, jamani, gari moja, kila gurudumu na kabila lake, eti ndiyo yapigwe jua lilelile, mashimo yaleyale na dereva yuleyule. Dereva huyo alikuwa Leticia, dereva wetu mzoefu wa njia ya Kariakoo, mwanamke mvumilivu kuliko wengi ninaowajua. Uvumilivu wake uliisha wiki ya pili. Gari lilikuwa likivuta kushoto asubuhi na kulia mchana, kulingana na mzee kahamishia nini wapi. Tukaliita Mseto. Leticia alinifuata ofisini akanishika mkono, akasema yeye alisomea udereva, hakusomea ngoma. Nikaenda kumwambia mzee. Akakubali kwamba Leticia ana haki, na kwamba alikosea, kisha akaanza jaribio upya kwa kufunga seti nzima ya aina moja kwa zamu. Upya! Januari ikapita hivyo.

Keki ya kwanza tuliila bila yeye. Alipoulizwa, alisema kiangazi hakijamwambia kitu, maana kwenye barabara kavu kila tairi linajiona hodari. Anataka mvua. Akaomba aongezewe muda mpaka masika yaanze, na Mkurugenzi, kwa moyo wake mwepesi, akakubali.

Basi tukakaa tunaisubiri mvua, kampuni nzima, kama wakulima. Machi ikaingia, jua. Machi ikaisha, jua. Nikamshauri tukodi boza la maji, limwage uani, apige breki zake atakavyo, twende zetu. Akakataa. Alisema maji ya boza ni maji tu, ila mvua ya kwanza inainua mafuta na vumbi la miezi yote lililolala barabarani, na hapo ndipo watu wanapoumia. Sherehe ya pili nayo ikaahirishwa. Mpishi wa pilau alikuwa ameshakaanga vitunguu. Mkewe, Bi Siwema, ambaye alishafunga mizigo yote ya kuhamia kwenye nyumba yao waliyoijenga Masasi, alianza kunipigia simu mimi. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ananiuliza tu kwa sauti ya chini kama huku Dar mawingu yapo, kana kwamba yeye anaishi nchi nyingine na si Buguruni.

Mvua ilikuja katikati ya Aprili, siku ya Jumanne, wakati magari yote yameshatoka isipokuwa la Leticia. Mzee Bakili alivaa koti lake la mvua akatoka uani anatabasamu kama bwana harusi. Yale matairi alikuwa ameshayapanga. Njia yetu ya lami, kutoka tanuri mpaka geti, ni ndefu ya kutosha. Akaweka pipa tupu upande mmoja kuwa alama. Leticia aje kwa mwendo uleule kila mara, akifika kwenye pipa akanyage breki, na Hafidhi apime gari limesimama wapi.

La Ulaya lilisimama mapema kuliko yote. La Kiindonesia likaja nyuma yake, hatua moja hivi, tofauti ndogo mno kwa mtu anayejua bei ya lile la kwanza. La Kichina la bei ya chini, gumu kama sahani ya plastiki, likaserereka likatutia aibu. Halafu wakafunga Mlima Nyota. Leticia akaja, akafika kwenye pipa, akakanyaga. Gari likapita. Likapita pale liliposimama la Kiindonesia, likapita pale liliposimama la Kichina, likaenda kusimama karibu na geti, pua yake imegeukia ukuta.

Mzee alisema Leticia kachelewa kukanyaga. Leticia akarudia. Gari likafika palepale. Akasema labda upepo wa matairi umezidi, wakaupunguza, likafika palepale. Akaingia yeye mwenyewe kwenye usukani, na mvua inamwagika, na sisi wote tumetoka ofisini tumesimama chini ya bati tunatazama. Alipokanyaga breki nilimwona uso wake kupitia kioo. Gari lilipita tena.

Hafidhi alikuwa ameshapiga picha ile alama ya mlima na kumtumia shemeji yake aliyeko Japani, anayepakia magari ya kuja huku. Jibu lilikuja la sauti, na shemeji alicheka kwanza ndipo akasema. Ile si nyota. Ni chembe ya theluji. Lile ni tairi la msimu wa baridi, limetengenezwa kwa barabara zenye barafu, ambako mpira wa kawaida unakakamaa, ndiyo maana wake umelainishwa na meno yake yakachanjwa vile. Wenzetu kule wanalivua baridi ikiisha. Sisi huku, kwenye joto la kukaangia mayai, tumelifunga mwaka mzima na kulilipia zaidi. Linalegea, linalika, na kwenye maji ya moto ya Dar halishiki kitu.

Hakuna aliyecheka pale uani. Mzee Bakili alikaa kwenye ngazi ya gari, akavua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani. Kisha akanitazama mimi.

"Sabaha, mwanangu, warudishe."

Magari yote yalikuwa njiani, karibu yote yakiwa na Mlima Nyota, kwenye mvua ya kwanza ya mwaka. Wateja niliwaweka kando. Nikaanza kupiga simu. Niliwaambia madereva wasimame hapohapo walipo, kisha warudi polepole, mikate au si mikate. Wote wakapokea isipokuwa Fikirini, dereva wa njia ya Kigamboni. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Na njia yake inapita Magogoni, kwenye ule mteremko wa kushukia pantoni, ambao ukiloa hata mtu kwa miguu anaushuka amejishika, na chini kuna foleni ya watu na akina mama wa samaki na ndoo zao.

Kabla sijajaribu tena, Mzee Bakili alikuwa ameshapanda bodaboda iliyokuwa imejikinga getini. Mtu wa miaka sitini, koti linapepea, hana hata kofia ngumu. Nilimpigia kelele arudi. Niliona kwenye simu Bi Siwema ananipigia, sikupokea.

Alimkuta Fikirini kwenye foleni ya juu, magari machache kabla ya mteremko, amezima injini. Simu ameiacha inachajiwa kwa muuza chai, na mwenyewe yuko kibandani anakula mkate wetu na maharage, mkate wa kwenye gari, mali ya kampuni. Mzee hakumgombeza. Alizungumza na askari wa foleni, gari likageuzwa, akalitangulia kwa miguu kwenye mvua mpaka barabara ya tambarare. Kuhusu ule mkate, mimi na Fikirini tulishazungumza, na tutazungumza tena.

Mngedhani yameisha. Kampuni ilikubali jibu lake siku ileile: matairi mapya ya bei ya kati, yaliyotengenezwa karibuni, maana lile la Ulaya kwa mashimo yetu haliishi polepole kiasi cha kustahili bei yake. Hafidhi akaanza kufunga. Pilau likaagizwa. Lakini mzee akaenda Gerezani. Akapita duka kwa duka, kwa watu waliouza kwa jina lake miaka yote, akawaambia Mlima Nyota si tairi la hapa na wasimtaje tena. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia amehongwa na wauza matairi mapya. Mwingine, rafiki yake wa siku nyingi, alikataa mkono wake. Alirudi kule siku iliyofuata, na iliyofuata.

Kisha akaja ofisini kwangu kuuliza kama wasifu uko tayari. Nikampa ule wa Machi, nimeshaubadilisha tarehe. Ile aya ya Mlima Nyota nilikuwa nimeifuta kimyakimya, nikaweka kwamba alikuwa mtaalamu wa matairi aliyetazamwa na mji mzima. Nilidhani nimemstahi. Akausoma amesimama, akaurudisha mezani.

"Hapa hujaandika kwamba nilikosea."

Nikamwambia wasifu si maelezo ya polisi. Watu wanakuja kula, kupiga makofi na kumuaga kwa heshima, hakuna mstaafu duniani anayeomba aumbuliwe kwenye sherehe yake mwenyewe. Nilisema mengi, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima, na bado sijamwomba radhi vizuri.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Jarida hili linabandikwa ukutani, Sabaha. Linatoka humu linafungiwa vitumbua mji mzima. Mtu akisoma Bakili mtaalamu, halafu akakumbuka Bakili alikuwa anafunga Mlima Nyota, kesho anaufunga kwenye gari lenye wanawe. Hiyo heshima yangu itamkanyagia breki?"

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Baadaye nilifunga mlango nikalia kidogo, kisha nikampigia kaka yangu kumwambia asiliguse gari lake.

Basi nimeandika, Mzee Bakili. Umepata ulichotaka. Ulikosea kuhusu Mlima Nyota, ulikosea miaka mingi, na mji mzima ulikosea pamoja na wewe. Wasomaji, angalieni ubavuni mwa matairi yenu. Mkiuona ule mlima, Hafidhi yuko gereji, na ameagizwa asimcheke mtu.

Kampuni inakushukuru kwa kazi yako, kwa mafundi uliowalea, kwa subira yako iliyotumalizia subira yetu. Wenye maduka wa Kariakoo wameniomba nikufikishie salamu, na wengine wamesema mikate ilichelewa kwa sababu nzuri, ingawa hawakunirudishia maneno yao. Bi Siwema, mume wako huyu hapa. Tafadhali mpokee leo, usimwachie nafasi ya kuuliza hali ya hewa. Tunakuombea Masasi yenye usingizi wa kutosha, afya, na barabara ambazo si shughuli yako.

Neno la mwisho ni langu, si la kampuni. Umekuwa ukijilaumu tangu siku ile ya mvua kwamba umewafunga watu matairi ya kuwaua. Sasa nakuomba, wasifu huu unaposomwa hapa kwenye sherehe yako, kabla hujaondoka, ugeuke hapo ulipokaa utazame mstari wa nyuma yako. Madereva wako wamekaa hapo, wa zamani na wa sasa, miaka thelathini na mmoja ya madereva. Watazame mmoja mmoja, usiruke mtu.

Wako hai wote, mzee. Haya, nenda nyumbani.

Sabaha Mwinyimkuu,
Ofisa Usambazaji